Habari ya Koliflawa

Katika bonde la kwetu, milimani Usambara, nimeiona koliflawa tangu sijajua kusoma. Nimeibeba kichwani ndani ya tenga, nimeimwagilia maji kwa kopo, nimeyafunga majani yake kwa kamba za mgomba ili jua lisilipige ua likageuka manjano. Lakini nilikuwa mtu mzima, mwenye mke na mtoto, kabla sijaitia kinywani. Wala si mimi peke yangu. Baba yangu ameilima kwa muda wa miaka thelathini na zaidi, naye alikuwa hajaionja. Mtu akituuliza sababu, tulimjibu, "Hiyo ni mboga ya kuuza," kana kwamba Mungu ameumba mboga za namna mbili, moja ya kuliwa na moja ya kupakiwa katika gari.

Ningependa kuwasimulia wasomaji jinsi mboga hiyo ilivyoingia nyumbani mwangu, maana haikuingia kwa amani.

Mwaka juzi mke wangu alikwenda kwao kujifungua mtoto wetu wa pili, akaniachia kijana wetu wa kwanza, mwenye umri wa miaka sita. Mimi nafundisha karibu na mji wa Tanga, kwenye joto la pwani. Siku hizo hizo baba akateremka kutoka milimani kuja kutibiwa macho, kwa kuwa yalikuwa yameingia ukungu hata akawa hamtambui mtu mpaka asikie sauti yake. Daktari akasema ni mtoto wa jicho, kwamba atapasuliwa, lakini zamu yake itafika baada ya majuma matatu. Basi tukakaa wanaume watatu katika nyumba moja: babu, baba na mjukuu, na mpishi ni mimi. Nilipika ugali na dagaa, kesho yake dagaa na ugali. Siku ya tano mzee alikula matonge mawili, akanawa. Nikaona ameanza kudhoofika, nikafikiri moyoni, "Nimtafutie kitu cha kwao."

Nikaenda sokoni. Juu ya meza moja koliflawa zilikuwa zimepangwa, zimefunikwa gunia bichi. Nilichagua ile kubwa kupita zote na nyeupe kupita zote, isiyo na doa hata moja, wala jani hata moja, kwa kuwa yalikuwa yamekatwa yote. Nilitoa shilingi 2,500, nikarudi nyumbani nikijiona mwana mwema.

Baba aliipokea kwa mikono miwili. Hakuweza kuiona sawasawa, lakini vidole vyake havikuwa na mtoto wa jicho. Akaipapasa kuizunguka, akagusa mahali palipokatwa shina, akaingiza ukucha. "Hii ina siku nne au tano tangu kukatwa," akasema. "Na hapa imenyolewa kwa kisu. Palikuwa na doa." Kisha akauliza, "Umeinunua kwa kiasi gani?" Nikamwambia. Akanyamaza kitambo. "Sisi dalali alitupa mia tano." Akairudisha mikononi mwangu, akasema, "Pikeni ninyi. Mimi siili."

Nikadhani bei ndiyo iliyomchoma moyo, nikanyamaza nami.

Sasa, wasomaji, niwaeleze nilivyoiharibu, maana kosa langu lilikuwa la kila namna. Kwanza niliiweka siku mbili ndani ya kapu pamoja na ndizi mbivu na nyanya. Sikujua kwamba matunda yanapoiva hutoa hewa isiyoonekana, ambayo huzeesha mboga za jamii hii upesi; ua likawa na vidoa vya kahawia na rangi ya manjano. Pili, niliitia yote nzima katika sufuria ya maji ya kisima, nikaongeza magadi kidogo, kama watu wafanyavyo wapikapo maharage. Tatu, niliiacha motoni muda wa dakika arobaini na tano huku nikisahihisha madaftari. Nilipofunua kifuniko nilikuta uji wa manjano, na harufu iliyonitoa jikoni. Kijana wangu alikimbilia uani. Baba akaniuliza kwa upole kutoka barazani, "Mwanangu, hii ndiyo wanayoilipia watu fedha?"

Harufu ile ilivuka ua ikamfikia jirani yangu, mzee mwenye miaka themanini au karibu yake, ambaye katika ujana wake alikuwa mtumishi wa jikoni katika nyumba ya msimamizi wa shamba la mkonge, kabla mashamba hayajatwaliwa na serikali mwaka 1967. Akaja na fimbo yake, akabisha hodi. "Shikamoo, mzee," nikasema. "Marahaba, mwalimu. Unapika koliflawa, au mayai yamekuozea?"

Nikamweleza yote. Hakucheka sana. Akasema, "Kesho baada ya shule tutakwenda sokoni pamoja. Wewe umefundishwa kusoma vitabu. Koliflawa nayo yasomwa."

Tulipofika kwenye meza alinizuia nisilitazame ua. "Tazama majani kwanza," akasema. "Ua laweza kunyolewa, laweza kunyunyiziwa maji, laweza kufunikwa. Jani haliwezi kusema uongo." Jani likiwa bichi, lenye rangi ya kijani, nalo ukilikunja lavunjika kwa mlio, mboga ni ya jana au juzi. Likinyauka au likiwa la manjano, imechoka. Na muuzaji aliyekata majani yote, jiulize kwa nini ameyakata. Kisha akaigeuza, akanionyesha mahali pa shina: paliponyooka na kulowa utomvu ni pazuri, pakikauka na kupasuka ni pa siku nyingi. Ndipo akaniruhusu kutazama ua. Chembe zake ziwe zimeshikana kabisa. Zikianza kuachana, zikafanana na punje za wali, ua lilichelewa kuvunwa. Vidoa vya kahawia ni mwanzo wa kuoza, na mahali palipo bapa kama pamepigwa randa ni mahali palipokuwa na vidoa. Lakini weupe wenyewe, akasema, watu wanauabudu bure. Ua lililopigwa na jua kidogo hupata rangi ya maziwa ya mtindi, nalo ni jema vilevile. Ukubwa nao si kitu. Iliyo ndogo na nzito katika kiganja ni bora kuliko kubwa iliyo nyepesi.

Niliokota moja iliyotimiza hayo yote, nikaona tundu katika jani na kiwavi kijani, mdogo kama kipande cha uzi. Nikaitupa chini upesi. Mzee akaiokota. "Kiwavi amekutangulia kuonja, naye hakufa," akasema. "Mimi nikikuta meza nzima haina tundu hata moja, huogopa." Tukainunua hiyo hiyo, kwa shilingi 1,500, maana mchuuzi naye aliona tundu lile ni aibu.

Nilipomkabidhi baba, vidole vyake vilikwenda moja kwa moja mpaka kwenye tundu. Akastaajabu. "Umeinunua yenye mdudu, tena kwa kuijua?" Nikamweleza maneno ya jirani. Akakaa kimya muda mrefu, akiwa ameipakata ile mboga mapajani kama mtoto.

"Mwanangu," akasema, "juzi sikukataa kwa ajili ya bei. Nilikataa kwa sababu naujua mkono wangu."

Akaniambia mambo ambayo sikuyajua, ingawa nimezaliwa katika shamba lile. Zamani alinyunyizia dawa mara moja au mbili kwa msimu. Baadaye viwavi hawakufa tena, akaongeza dawa, akachanganya namna mbili katika bomba moja, kisha tatu. Dalali akikuta kiwavi mmoja katika tenga, hurudisha tenga zima au hukata nusu ya bei. Basi miaka ya karibuni alikuwa akinyunyizia Jumatatu, akavuna Alhamisi, na mara nyingine asubuhi kwa jioni. Karatasi iliyobandikwa kwenye chupa ina siku za kungoja baada ya kunyunyizia, alipata kusikia hivyo; lakini maandishi ni madogo, mengine ya kigeni, na macho yake yalikuwa yamekwisha ingia giza. "Mama yako amekataza hata majani yake yasipewe mbuzi," akasema. "Sasa mimi nile? Na wewe mwalimu, siku ile ulipokwenda sokoni peke yako, ulichagua ipi? Ulichagua nyeupe isiyo na doa. Ninamlimia nani, kama si wewe?"

Sikupata jibu. Ada yangu ya shule, tangu darasa la kwanza hata nilipotoka chuoni, ililipwa na matenga yale.

Hapa nitaacha hadithi kidogo, maana kiwavi huyu astahili kujulikana. Ni mtoto wa nondo mdogo wa kijivu, mwenye alama mgongoni mfano wa almasi. Ukimgusa hujipindapinda, akajiangusha kutoka kwenye jani kwa uzi mwembamba. Hula kabichi, sukuma wiki na koliflawa bila ubaguzi, wala si ajabu, maana mboga hizo zote tatu ni za jamii moja, ambayo wataalamu huiita Brassica oleracea. Tofauti ni kwamba katika moja watu walichagua majani, katika nyingine kichwa cha majani, na katika hii ua. Mdudu huyu ni sugu kupita kiasi. Ndiye mdudu wa kwanza wa mazao aliyeonekana kuizoea dawa iitwayo DDT, katika kisiwa cha Java, mwaka 1953. Na tangu hapo amezizoea nyingi nyingine. Kwa hiyo baba yangu hakuwa mjinga alipoona viwavi hawafi. Dawa ndiyo iliyokuwa imeshindwa. Wanaomweza kweli ni nyigu wadogo sana wanaotaga mayai ndani ya mwili wake. Mwaka 2002 wataalamu wa taasisi ya icipe ya Nairobi waliwaachia nyigu wa namna hiyo, waliotoka Taiwan, katika milima ya Taita nchini Kenya, ili wawaangamize viwavi hao. Lakini nyigu hufa kwa dawa mapema kuliko kiwavi, na mkulima anayenyunyizia kila juma humwua rafiki akamwacha adui.

Turudi jikoni. Jioni ile jirani yangu aliketi juu ya kigoda, akaniamuru mimi nifanye kazi yote. Tuliondoa majani ya nje, tukayaacha ya ndani. Tukaikata vishada vishada kwa kupitisha kisu katika shina, si katika ua, kwa kuwa ukikata ua lenyewe chembe humwagika. Tukaviloweka vishada katika maji yenye chumvi, kijiko kimoja kwa lita moja, muda wa robo saa. Viwavi wawili wakaelea juu. Baada ya hapo tukaviosha mara tatu kwa maji yanayomiminika. Nikamwuliza mzee kama maji haya huondoa na dawa. Akasema huondoa iliyo juu, si yote. Dawa iliyonyunyiziwa jana haina dobi wa kuitoa. Hayo maneno baba aliyasikia.

Kisha akanifundisha kuchemsha. Maji yawe mengi, yachemke kwanza, yatiwe chumvi na maji ya nusu ndimu, ndipo vishada viingie; navyo visikae zaidi ya dakika tano au sita. Sufuria isifunikwe. Kisu kikiingia katika shina kwa taabu kidogo, epua. Mambo haya mzee aliyafahamu kwa mazoea, lakini sababu zake ziko. Mboga hii ina salfa ndani yake, ile ile inayonuka katika mayai, na kadiri inavyozidi kukaa motoni ndivyo salfa hiyo inavyozidi kuachwa huru. Dakika tano haisikiki, dakika arobaini na tano humfukuza mtoto uani. Na ndimu ni kwa sababu ya visima vyetu. Maji ya pwani yamepita katika mawe ya matumbawe, nayo yana chokaa. Ua la koliflawa lina rangi iliyojificha, ambayo katika maji ya namna hiyo hugeuka manjano, na katika maji makali ya ndimu hubaki nyeupe. Magadi ni mabaya zaidi ya chokaa, kwa maana hugeuza rangi na kulainisha pamoja, mpaka mboga ikawa uji. Yale yaliyonipata yalikuwa ya lazima.

Maji yaliyochemshiwa tusimwage, akasema, tutie katika mchuzi. Hapo pia ana haki. Katika gramu 100 za koliflawa mbichi, vitamini C ni kiasi cha miligramu 48, nayo huyeyuka katika maji. Anayemwaga maji humwaga sehemu ya dawa njema aliyoinunua.

Lakini mlo wa siku ile haukuwa wa kuchemsha tu. Mzee alisema hivyo ndivyo Wazungu wake walivyoila, na siagi, naye hakuipenda hata siku moja. Alinifundisha ya kwake. Nilikaanga kitunguu mpaka kikawa rangi ya dhahabu, nikatia tangawizi na kitunguu saumu vilivyotwangwa, manjano nusu kijiko, bizari nyembamba kidogo, pilipili mbichi moja isiyopasuliwa, na nyanya mbili. Nyanya zilipoiva nikamimina tui jepesi. Shina la koliflawa, ambalo watu hulitupa, tulilimenya ganda lake gumu tukalikata vipande vyembamba, likatangulia kuingia kwa kuwa lachelewa kuiva. Pamoja nalo majani ya ndani, yaliyokatwa kama sukuma wiki. Baadaye vishada. Baadaye tui zito, moto mdogo, dakika tano, nikikoroga polepole tui lisikatike. Mwisho kotimiri. Nyumba ikanukia nazi na bizari.

Wahindi wa Tanga huipika mfano wa hivyo pamoja na viazi, pasipo nazi, nao huiita gobi. Hata nilidhani ni mboga yao ya asili. Siyo. Mbegu zake zilipelekwa India kutoka Uingereza mwaka 1822, na Waingereza wenyewe walipata jina lake kutoka kwa Waitalia, kwao maana yake ni ua la kabichi. Hivyo kila taifa limeipokea kutoka kwa jirani, likaipika kwa desturi yake. Sisi Wasambaa tumekuwa na bustani za mboga za kigeni tangu enzi za Wajerumani, mji wa Lushoto ulipoitwa Wilhelmstal, na reli ya kutoka Tanga ilipofika Mombo mwaka 1905. Lakini tulipokea jembe lake tu, chungu chake hatukukipokea.

Nilimtengea baba bakuli dogo, nikaliweka kando ya ugali, wala sikumbembeleza. Alikula ugali kwa mchuzi kwanza. Kisha akachukua kishada kimoja, akakitafuna taratibu. "Haina ukali wa kabichi," akasema. Akachukua cha pili. Akauliza, "Hii imetoka shamba la nani?" Nani angeweza kumjibu? Akala vishada vitano, na shina, ambalo alilipenda zaidi kuliko ua. Mjukuu wake alimaliza mchuzi kwa kidole, nami sikumkemea.

Toka siku hiyo tuliinunua kila juma, nikajifunza na kuitunza. Asiye na jokofu, kama mimi wakati ule, afanye hivi: asiioshe mpaka siku ya kupika, aiache na majani yake yote, ayafunge majani kwa kitambaa kibichi, lakini ua lisiloweshwe, aiweke juu ya sakafu ya saruji karibu na mtungi wa maji, mbali na ndizi, maembe na nyanya. Kwa joto la pwani itakaa siku mbili, tatu kwa bahati. Mwenye jokofu aifunge katika karatasi na kuigeuza, shina juu ua chini, ili jasho lisituame juu ya chembe zikaota ukungu. Itakaa juma zima, na ikiwa ilikuwa mbichi hasa itapita hapo. Iliyokwisha katwa vishada haingoji, na iliyopikwa isilale zaidi ya usiku mmoja. Kule kwetu, kiasi cha mita 1,400 juu ya bahari, usiku wa mwezi wa saba ni jokofu tosha, na watu hawajui utajiri walio nao.

Niliona pia neno lililonishangaza katika kusoma kwangu. Mwaka 2021 wataalamu wa Ufaransa walieleza katika jarida la Science kwa nini koliflawa ina umbo lile, kishada juu ya kishada kidogo, na juu yake kingine kidogo zaidi. Kila chipukizi hutaka kuwa ua, hushindwa, likatoa machipukizi mengine yanayotaka kuwa maua, nayo yakashindwa vilevile, mara nyingi zisizohesabika. Nilimsomea baba habari hiyo. Akasema alikuwa akijua, kwa maana ile anayoiacha shambani kwa mbegu hatimaye hufunguka maua ya manjano, na yeye hupenda kuyatazama.

Zamu yake hospitali ilipofika, jicho la kuume lilipasuliwa, na kesho yake bendeji ikaondolewa. Siku chache baadaye, akiwa amevaa miwani myeusi, aliomba nimpeleke sokoni. Alipita kati ya meza kama mkaguzi apitavyo kati ya madawati. Mchuuzi mmoja, kijana mwenye adabu, akamwinulia koliflawa nyeupe kama chokaa. "Shikamoo, babu. Hii haina hata doa." Baba akaitikia salamu, akauliza, "Ilinyunyiziwa dawa lini?" Kijana akatabasamu kwa mashaka. "Hatujui, babu. Sisi twanunua tu." Baba akaitazama sana, akairudisha mahali pake kwa utaratibu, kama mtu aliyemtambua mwanawe katika kundi la watu wasiofaa. Akatoa fedha zake mwenyewe, akanunua nyingine ndogo, yenye majani yaliyotobolewa.

Likizo ilipofika nilimrudisha kwake, gari likapanda kutoka Mombo kupita Soni, naye akitazama mabonde kwa jicho moja jipya bila kusema neno. Asubuhi tuliingia katika kibanda cha zana. Nikasoma chupa moja moja kwa sauti. Moja ilitaka siku saba za kungoja, nyingine kumi na nne, nyingine tatu. Moja haikuwa na karatasi yo yote, kwa sababu dawa ilimiminwa dukani katika chupa ya soda. Hiyo tuliifunga, tukaiweka mbali na watoto, mpaka tuonane na bwana shamba. Kisha nikachukua mkaa nikaandika juu ya mlango, kwa herufi kubwa kama zile za ubao wa darasa la kwanza, jina la kila dawa na idadi ya siku zake. Mama alisimama nyuma yetu amejishika kiuno. "Kwa hiyo miaka yote hii," akasema, hakumaliza.

Sitawaficha wasomaji kwamba msimu wa kwanza ulimtia baba hasara. Alingoja siku zilizoandikwa, akapunguza kunyunyizia, akawaondoa viwavi kwa mkono pamoja na mama alfajiri. Matenga mawili yalirudishwa na dalali kwa sababu ya matundu ya majani, na la tatu alilipwa nusu. Aliniambia hayo kwa simu bila kulalamika, nami nilikuwa na aibu, kwa kuwa mshahara wangu hauchezewi na kiwavi. Niliwaambia walimu wenzangu wawili, na mke wangu akawaambia wanawake wa kanisani, kwamba wakiona tundu katika jani wasiikimbie mboga. Watu watano au sita ni nini mbele ya soko zima? Lakini tulimwomba baba atuletee yale matenga yaliyokataliwa, akayatuma kwa gari la asubuhi, tukayagawana kwa bei ya haki, na jioni ile nyua kadhaa za mtaa wetu zilinukia tui.

Juma lililopita simu ililia nikiwa darasani. Nilipotoka nikampigia baba. Kumbe hakuwa yeye. Alikuwa mama, naye hana desturi ya kupiga simu. Alikuwa jikoni, nasikia kuni zikilia. Akasema baba yako ameleta koliflawa kutoka tuta la chini, siku kumi na tano tangu dawa, amezihesabu mwenyewe mlangoni; maji yamekwisha chemka; je, ndimu ni nusu au nzima? Nikamwambia kwamba maji ya mto wa kwetu hayana chokaa, ndimu si ya lazima. Akasema basi ataitia hata hivyo, kwa kuwa amekwisha ikata.